Chumvi ya Kahe: tulaumu mlima au mfereji?

Ukishuka kutoka Moshi kwenda Kahe wakati wa kiangazi, utakuta mashamba yenye mabaka meupe kana kwamba mtu amemwaga unga. Mahindi yaliyo karibu yamedumaa, ncha za majani zimeungua. Wenyeji watakwambia ni magadi, yaani chumvi yenye sodiamu. Yametoka wapi? Hapo ubishi huanza.

Wapo wanaosema ndivyo ardhi ilivyo, na hoja yao ina uzito. Mawe ya volkano ya Kilimanjaro yana sodiamu nyingi, na maji huiteremsha hadi bondeni. Mteremko wa kusini hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Tambarare huambulia kama 500. Hizo hazitoshi kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Jua hunyonya maji, chumvi ikabaki.

Wengine wanalaumu umwagiliaji. Chukua maji yenye nusu gramu tu ya chumvi kwa lita, maji unayoweza kunywa bila kukunja uso. Nyweshea hekta moja mita za ujazo 10,000 kwa mwaka, umeshaipa tani 5 za chumvi. Mfereji ukivuja, maji ya ardhini nayo hupanda, na yakikaribia juu udongo huyavuta kama utambi unavyovuta mafuta ya taa.

Kwangu mimi, mlima ulileta chumvi, mfereji ukaipandisha. Tuna haraka ya kuchimba mfereji wa kuingiza maji. Mtaro wa kuyatoa unasubiri bajeti ijayo.

Chumvi ya kawaida huoshwa kwa maji, mradi mtaro upo. Sodiamu ni mkaidi. Anayepika maharage kwa magadi anaijua kazi yake: hung'oa kalsiamu iliyoyashikilia, yakalainika. Udongo wa mfinyanzi nao hufanywa hivyohivyo. Chembe huachana, huziba vitundu, maji yakatuama juu na chini kukavu. Dawa ni jasi, inayorudisha kalsiamu, na jasi inachimbwa Makanya, wilayani Same, mkoa uleule. Lakini hekta moja hutaka tani kadhaa, pamoja na nauli ya lori. Shamba kubwa la miwa linaweza kulipia. Mwenye ekari mbili za mahindi hawezi, ndiyo maana siwalaumu wanaohamia mpunga, unaovumilia maji yaliyotuama. Ila mpunga nao unakunywa sana, na maji yake yanapita kwenye mfereji uleule unaovuja.