Nishike Hapa Kidogo

Kila mtu Kisumu ananiambia nijiajiri. Kinyozi, mwalimu wa kwaya, hata mama wa omena pale Kibuye. "Na mikono hiyo, bado unamfanyia mtu kazi?" Inauma. Mteja wa masaji akilipa 2,500, mimi napata 750. Zilizobaki ni za bosi, ambaye hajawahi kugusa bega la mtu. Yeye kazi yake ni kuwasha mshumaa wa kunukia na kuniuliza mbona mafuta yanaisha haraka.

Basi Jumapili nikanunua daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mtamu. Wateja wanne kwa siku, 10,000. Mara siku 26, 260,000. Nikapiga hesabu tena, nikapata zilezile. Nikajiona nimehamia Riat, nyumba inatazama ziwa, bosi anapiga simu kuomba kazi nami nasema nitamwangalilia.

Ukurasa wa pili ndio uliniharibia siku. Hao wanne wa kila siku wanatoka wapi? Tarehe 2 mgongo wa mwenye mshahara unamuuma vibaya sana. Tarehe 20 umepona wenyewe, bila dawa.

Kodi ya chumba, leseni ya kaunti, tokeni za stima, hayo nilitarajia. SHA je, ile bima ya afya ya serikali? Ukiwa umeajiriwa, asilimia 2.75 inakatwa hata kabla hujaiona pesa, unanung'unika kidogo unasahau. Ukijiajiri unaambiwa ulipe ya mwaka mzima, kutoka mfuko uleule uliotoboka.

Lakini mimi kilichonimaliza ni mashuka. Hakuna anayekwambia habari ya mashuka! Kila mteja shuka safi na taulo mbili. Wateja wanne, nguo kumi na mbili, zote zimelowa mafuta, na mafuta hayatoki kwa maji baridi. Kwa hiyo unachemsha maji, gesi inalia. Unaanika. Jua la saa sita mchana hapa linaweza kukaanga yai juu ya bati, unafurahi, unaingia ndani. Saa kumi mawingu yanakusanyika, mvua inamwagika kama imetumwa, na mteja wa saa kumi na moja anapiga simu: "Niko hapa tu Mamboleo." Unakimbilia kamba. Bahati nzuri muongo huyo bado yuko Ugunja. Kwa bosi, shuka hutoka kabatini. Sikuwahi kujiuliza liliingiaje.

Halafu kuna vidole gumba. Ninavyo viwili na havina spea. Kazi hii ukiifanya kwa gumba kutwa nzima, jioni hata kufungua chupa ya soda unamwita mtoto. Anayetaka kudumu hujifunza kuegemeza uzito wa mwili, akatumia mkono chini ya kiwiko, na kiwiko chenyewe. Sasa mweleze mteja. Nilimkanda mzee mmoja kwa kiwiko, akainua kichwa: "Kijana, mimi nimelipia mikono."

Nikafikiria kuwafuata wateja manyumbani, nisilipe kodi ya chumba. Nikaazima kitanda cha kukunja, kilo kama 15, nikakipakia kwenye boda. Kufika Kondele watu wanadhani nimebeba kinanda. "Omera, mnapiga matanga ya nani leo?" Nikafika Nyalenda kwa mteja, kitanda kikakataa kuingia mpaka kochi litoke nje. Kochi likatoka. Baba mkwe wake alikuwa amelala juu yake.

Na simu. Niliandika namba yangu kwenye kibao, siku ya kwanza tu mwanamume akapiga saa tano usiku. "Ni masaji?" Ni masaji. "Ni masaji tu?" Ni masaji tu. Akakata. Mama Achieng' akageuka kitandani taratibu: "Nani huyo, na ni nini hicho 'tu'?" Nilieleza mpaka jogoo akawika.

Jana jioni nilikuwa barazani na daftari langu, bado sijaamua, jirani akaja ameshika kiuno. Huyu ni fundi wa kuchomelea, huinama kutwa. "Omera, nishike hapa kidogo tu." Kidogo chake ni dakika arobaini. Nimemshika hapo kidogo tangu mwaka juzi, na siku nilipompelekea kiti kilichovunjika mguu alinidai 300, akasema hiyo ni bei ya jirani. Nikamlaza kwenye mkeka. Nikamkanda kiuno, nikapanda mgongoni, nikamalizia shingo. Alipoinuka alijinyoosha, akazungusha mabega, akanitazama kwa huruma.

"Na wewe," akasema, "kwa nini usijiajiri? Si ungekuwa tajiri sasa hivi!"

Akaenda zake. Na taulo langu begani.