Msimwambie mwanamke kwamba kinga yake imeshuka

Rafiki yangu alikunjua mbele yangu karatasi ya majibu ya kipimo cha HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, akaweka kidole juu ya neno "chanya", akaniuliza, "Kwani mwili wangu una kasoro gani?" Saratani hata hakuitaja. Aliyempa majibu alimwambia kinga yake imeshuka, kisha akamwita mgonjwa mwingine. Kauli ile inaniuma mpaka leo, maana kwa wanawake wengi si kweli.

Kirusi cha HPV hakisambai kupitia damu. Hupenya kwenye mchubuko mdogo usioonekana kwa macho, kikashuka hadi tabaka la chini la utando wa mlango wa kizazi, kikatulia humo. Seli za tabaka hilo zikigawanyika na kusukumwa juu kidogo kidogo, nacho hupanda nazo. Huzaliana kwa wingi pale tu zinapokaribia kufa na kubanduka zenyewe. Hakipasui seli, hakileti homa wala maumivu. Askari wa mwili huitwa na vurugu, na hapa vurugu hakuna. Tena kina protini zinazofifisha interferoni, ile ishara ambayo seli iliyovamiwa hutoa kuwaonya jirani zake. Ndiyo maana wapo wanawake walioambukizwa ambao kingamwili zao, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kumkabili adui, hazipimiki kabisa, na wenye nazo huwa nazo chache.

Hata hivyo, mara nyingi kinga hushinda. Seli T, askari wa mwili wanaowinda seli zilizovamiwa, zikishakigundua hukidhibiti, na kwa takriban wanawake 9 kati ya 10 kipimo hakikioni tena ndani ya miaka 2. Nasema hakikioni, kwa sababu huenda kikabaki kimejificha kwa kiasi kidogo na kuamka miaka mingi baadaye. Wanandoa walijue hili: jibu chanya la leo si ushahidi kwamba mwenzako ametoka nje juzi.

Wapo ambao kinga yao kweli imedhoofika. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kupata saratani hii takriban mara 6 zaidi ya asiye na VVU, na safari ya kutoka maambukizi hadi saratani, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20, kwake yaweza kuchukua 5 hadi 10, hasa asipotumia dawa. Huyo aanze kupimwa mapema. Lakini hata mwenye kinga imara anaweza kung'ang'aniwa na aina ya 16 ya HPV, iliyo hatari kuliko zote, bila kosa lolote.

Kinachonikasirisha zaidi ni zile chupa za "kupandisha kinga" wanazouziwa wanawake wenye hofu. Kinga ambayo haijamwona adui huhitaji kuonyeshwa adui. Chanjo hufanya hivyo hasa: ni ganda tupu la kirusi, lisilo na vinasaba ndani, linalodungwa kwenye msuli ambako mwili haukosi kuliona. Kingamwili zinazotokea ni nyingi mno kuliko zile za maambukizi yenyewe. Lakini chanjo haifukuzi kirusi kilichokwisha kuingia, na ndiyo sababu hulengwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajakutana nacho.

Rafiki yangu amepangiwa kurudi baada ya miezi 12. Nimemwomba safari hii aulize mambo mawili kabla hajainuka kitini: ni aina gani ya kirusi, na mlango wake wa kizazi unaonekanaje.