Gastrini na saratani ya tumbo: tusimfunge mpiga mbiu

Wanaoiogopa omeprazoli, kwamba huleta saratani ya tumbo, wana hoja. Dawa hiyo hupunguza tindikali, na tindikali ikipungua tumbo humwaga gastrini zaidi kwenye damu, homoni ya kuidai irudi. Gastrini hiyohiyo huchochea chembe za ukuta wa tumbo kuongezeka. Panya waliolishwa dozi kubwa maisha yao yote waliota uvimbe, na miaka ya 1980 majaribio kwa binadamu yakasimamishwa kwa muda.

Wengi huishia hapo. Lakini panya wengine walikatwa sehemu ya tumbo inayotoa tindikali, bila kupewa kidonge hata kimoja. Gastrini ikapanda, uvimbe ukaota vilevile. Tena ulikuwa uvimbe wa chembe zinazotoa histamini, si saratani ya kawaida ya tumbo, ile ya tezi za ukuta wake, inayoua watu wengi.

Utafiti wa Hong Kong wa 2018 ni mgumu zaidi kuupita. Kati ya watu 63,397 waliokwisha kutibiwa bakteria Helicobacter pylori, watumiaji wa dawa za kundi la omeprazoli walikuwa na hatari ya saratani ya tumbo mara 2.4 ya wenzao. Namba hiyo nimeirudia mara nyingi. Waliougua kwa jumla ni 153. Ziada ni kama wagonjwa 4 kwa watu 10,000 kwa mwaka. Na nani humeza dawa hizi kwa muda mrefu? Ni yule ambaye tumbo lake halijatulia, pengine kwa kuwa limeshachakaa.

Uchakavu huo ndio kiini. Bakteria huyo hukaa miaka mingi, tezi za tindikali zikafa, gastrini ikapanda. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo: gastrini ikiwa juu na pepsinojeni I (protini ya damu inayotokana na tezi za sehemu ya juu ya tumbo) ikiwa chini, sehemu hiyo ya juu inapaswa kuangaliwa kwa kamera na kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama cha kupima. Uchakavu ukiwa sehemu ya chini, inakotengenezwa gastrini yenyewe, homoni hushuka. Kwa hiyo namba moja ya gastrini haimtii mtu hatiani wala haimwachii huru.

Ninayemhofia ni anayenunua omeprazoli duka la dawa mwezi baada ya mwezi, akiyaita maumivu yake vidonda vya tumbo, hajapimwa. Maumivu yanatulia huku bakteria akiendelea na kazi. Apimwe, na kabla ya kipimo cha pumzi au cha choo aache dawa hiyo wiki 2 kwa ushauri wa daktari, maana humficha bakteria majibu yakaja safi.