Gari Isiyo na Silinda

Kosa lilianzia kwenye tarakimu. Gari niliyoiona mtandaoni, ikiwa bado yadi huko Japani, ilikuwa Mazda RX-8 nyekundu, na chini ya picha yake imeandikwa 1.3, yaani lita za injini. Nikamwonesha mke wangu. "Injini yake sawasawa na Vitz ya jirani," nikamwambia, "na milango minne pia inayo." Akanitazama kama mtu aliyekwisha kuuziwa mbuzi kwenye gunia mara mbili.

Milango minne ni kweli inayo. Ila ile ya nyuma haina kitasa cha nje, hufunguka kinyumenyume kama kabati, na haifunguki mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza. Na hiyo 1.3 si ya silinda, maana injini ile haina silinda wala pistoni. Ni rotari: vibamba viwili vinene vya pembe tatu vinazunguka ndani ya vyumba viwili, kila chumba sentimita za ujazo 654. Jumlisha upate 1,308. Wajapani wenyewe hawadanganyiki. Kwenye kodi yao ya gari hesabu hiyo huizidisha mara moja na nusu. Mimi nilidanganyika bila ya kulazimishwa na mtu. Mjini lita moja ya petroli hainipeleki zaidi ya kilomita saba au nane, na oili nachungulia kila nikijaza tangi mara mbili, kwa sababu injini imeundwa kuinywa: huirashia ndani makusudi, ili kulainisha ncha za vile vibamba.

Wakala wangu wa forodha hapa Zanzibar yeye alifurahi, kwa kuwa ushuru wa bidhaa hufuata ukubwa wa injini na umri wa gari. Kuhusu umri hakunena kitu, akaiacha risiti iseme yenyewe. Kodi za gari hupandiana. Kwanza thamani ya gari pamoja na nauli ya meli na bima ya safari. Juu yake ushuru wa forodha asilimia 25. Juu ya jumla hiyo ushuru wa bidhaa. Kisha VAT asilimia 15 ya vyote, hata zile kodi zilizokwisha kuhesabiwa. Yaani shilingi milioni 10 ikishatiwa 25 inakuwa milioni 12.5, na VAT yake peke yake ni 1,875,000, hapo ushuru wa bidhaa hatujautia. Binamu yangu wa Dar akaniahidi kuinunua nikiichoka. Nikamkumbusha kwamba VAT ya bara ni 18, na gari ya Zanzibar ikivuka bahari inadaiwa tofauti ya kodi. Hajapiga simu tena.

Alhamisi nikakata bima ndogo kwa namba ya chesisi, maana namba ya Z, ya usajili wa Zanzibar, ilikuwa bado. Hapo nilijiona mjuzi kweli. Nikalinganisha chesisi herufi kwa herufi kwenye hati ya meli, cheti cha Japani na bima: SE3P na tarakimu sita nyuma yake. Herufi moja ikikosewa, kuisahihisha ni foleni mpya kila mlango.

Ijumaa saa nne asubuhi niko bandarini Malindi, kanzu imepigwa pasi, niya yangu nitoke na gari nipitilize nayo msikitini. Nikawasha. Haingurumi ile, inavuma kama nyuki waliochokozwa. Nyuma lori la vitunguu likanipigia honi nilipishe. Nikasogea mbele mita tatu hivi, nikazima, nikashuka kujipiga picha. Nadhani sekunde ishirini hazikutimia.

Kwa gari nyengine hilo si kosa. Kwa rotari hakuna kosa kubwa zaidi, na gari haina lawama, limeandikwa kila mahali isipokuwa pale nilipokuwa nasoma mimi. Injini ikiwa baridi, kompyuta huimiminia petroli nyingi. Ukiizima kabla haijapata moto, petroli iliyobaki inalowesha plagi na kuosha oili inayosaidia kuziba ncha za vibamba, na mbano unapotea. Ukipiga stata tena unaiongezea petroli juu ya petroli. Dawa yake ni moja: ukishaiwasha, iache mpaka mshale wa joto ukae pahala pake, ndipo uzime. Likija lori la vitunguu, lisubiri.

Nilipiga stata mara kumi na moja. Betri, iliyokuwa imelala melini wiki kadhaa, ikaguna kama mzee anayeamshwa daku. Injini ile inataka izungushwe kama mizunguko 250 kwa dakika ndipo ishike. Yangu ilikuwa inavuta tasbihi.

Wachukuzi sita wakajitolea kusukuma. Tumeshatoka getini, tumefika upande wa soko la samaki, jasho linatuchuruzika, ndipo mmoja akachungulia ndani. "Yakhe, hii si oto hii!" Gari ya oto, inayojibadilishia gia yenyewe, haiwaki kwa kusukumwa, hata ungeisukuma mpaka Bububu, na hilo mimi nalijua tangu mdogo. Sijui kwa nini nilinyamaza. Wakadai ujira wa kusukuma na mwengine wa kudanganywa.

Fundi aliyeletwa ni wa mashine za boti. Akanusa tu. "Imekunywa petroli hii, shekhe. Ulianza na eksileta?"

Sikuanza nayo, na ndiyo ilikuwa ya kuanza, kwa sababu haitaki hata spana. Unakanyaga eksileta mpaka chini kabisa, unaishikilia hapo hapo, unapiga stata sekunde kumi, unaipumzisha, unarudia. Ikikanyagwa hivyo, kompyuta hukata petroli na injini inajikausha. Lakini hilo linataka betri yenye nguvu, na yangu ilikuwa imekwisha kuaga dunia.

Akatafuta plagi juu ya injini, hakuona hata moja. Ziko ubavuni, kushoto, chini. Tukaziendea kwa kutoa tairi la mbele la kushoto. Ni nne, mbili chini na mbili juu, na hazifanani: za chini ndizo zinazotangulia kuwasha, za juu hufuatia, kwa hiyo usizichanganye wala usichanganye waya zake. Fundi akazipanga kwenye kipande cha boksi vile vile zilivyokuwa. Zinachuruzika petroli. Akamwambia kijana mmoja azime sigara, na alivyosema kijana aliizima mbio.

Akachomoa fyuzi ya pampu ya petroli, akavuta waya za betri kutoka kwenye kirikuu cha kubebea samaki, akapiga stata matundu yakiwa wazi. Ukungu wa petroli ukatoka puu! Akazikausha plagi, akatia kijiko kidogo cha oili kila chumba ili mbano urudi, akafunga kila kitu, akarudisha fyuzi. "Haya, bismillahi."

Ikawaka. Sasa ile oili, na petroli iliyojaa kwenye ekzosi, lazima viungue viishe, na vikiungua ni moshi. Mimi nilikuwa sijui. Fundi alijua, ila alikuwa chini ya gari. Moshi mweupe ukalifunika soko, na mtu mmoja akapiga ukelele: "Motooo!"

Boneti lilikuwa wazi. Ndoo ya kwanza ya maji ya barafu ya samaki ilitoka kulia. Ya pili kushoto, nayo ilikuwa na magamba ya changu ndani yake. Ya tatu ikanikuta mimi na kanzu yangu. Injini haikuzimika. Siku nzima naibembeleza isizimike, wakati huo ndipo iliponisikia.

Jumatatu nikaenda kubadilisha bima iwe kubwa, kwa asilimia 3.5 ya thamani. Thamani hiyo iandikishe pamoja na kodi, si bei ya yadi peke yake. Ukiandika nusu ili ulipe kidogo, nayo hasara utafidiwa nusu. Kijana akaizunguka gari, akapiga picha pande zote, akafungua boneti, akalifunga haraka. Nikamuuliza bima inafidia nini. "Moto, wizi, kugongwa." Na maji ya samaki? Kwenye nafasi ya hali ya gari akaandika neno moja tu: Harufu.

Ikabaki usajili. Mkaguzi, mtu mpole, akajaza chesisi, rangi, viti vinne. Kalamu ikasimama.

"Silinda ngapi?"

"Haina."

"Ya umeme?"

"Ya petroli."

"Basi silinda ngapi, bwana?"

Nikamwambia injini ya namna hii ndiyo iliyoipa Mazda ushindi wa mbio za magari za Le Mans mwaka 1991. Akaniuliza Le Mans iko wilaya gani. Nikaona nimueleze kwa mikono. "Chukulia sambusa mbili. Kila moja inazunguka ndani ya chungu chake." Akawaita wenzake wawili, nikarudia sambusa mwanzo mpaka mwisho. Wakashauriana, mmoja akasema maelezo yamemtia njaa. Mkaguzi akaandika 2, akapiga mhuri.

Jioni nikaegesha mlangoni, nikaiacha ipoe kwa mujibu wa masharti. Nilipotoka kwa sala ya isha nikakuta paka saba juu ya boneti, na mmoja amelala pale kwenye namba ya Z. Mke wangu alikuwa barazani, ameshika ile kadi ya gari.

"Vitz ya jirani," akasema, "sijaiona na paka."