"Kimevunjika, basi hukupaki vizuri": hoja ya bima inayojizunguka yenyewe

Barua za kukataa madai ya vitu vya kuvunjika karibu zote zina sentensi moja, hata ukibadilisha kampuni: uharibifu umetokana na ufungaji usiotosheleza. Basi, imeisha. Mtu akishaisoma anaishiwa nguvu, anaanza kujiuliza kweli labda ningeongeza karatasi, na ndugu na marafiki wakisikia nao wanamwambia hivyo hivyo, si ungepaki vizuri, wewe unatuma kaure kama unatuma mashuka. Kwa kweli hilo la ndugu na marafiki ndo linaniuma kuliko hata barua yenyewe, maana tumekubali mapema mno kwamba kitu kikifika vipande vipande mwenye kosa ni aliyekifunga.

Nianze na upande wa bima, maana wana hoja na si ya jana. Sheria ya Bima za Baharini ya Uingereza ya mwaka 1906, ambayo imeigwa sehemu nyingi sana duniani, inasema kwenye kifungu cha 55 kwamba mkataba usiposema vingine, bima hailipi uchakavu wa kawaida, uvujaji na uvunjikaji wa kawaida, wala kasoro iliyo ndani ya kitu chenyewe. Halafu nenda kwenye yale masharti ya London ya bima ya mizigo, Institute Cargo Clauses za 2009. Hata kundi A, ambalo ndo pana kuliko yote na watu wanaliita la hatari zote, bado limetoa nje ufungaji ambao hautoshi kuhimili matukio ya kawaida ya safari, pale ambapo aliyefunga ni mwenye bima au watu wake, au kitu kilifungwa kabla bima haijaanza. Na ukifikiria ina mantiki. Ufungaji uko mikononi mwa mtumaji peke yake, bima hawakuwepo, msafirishaji hakuwepo, wote wanapokea boksi limeshafungwa na selotepu. Nshaona mwenyewe mtu anapandanisha sahani kumi na karatasi moja ya gazeti katikati, anabandika stika nyekundu yenye picha ya glasi pande nne, anaona kazi imeisha. Ile stika mkanda wa mashine hauisomi. Kwenye vituo vikubwa vya kuchambua vifurushi boksi linateremka kwenye mteremko, linagongwa na la nyuma, linalaliwa na mengine kwenye lori, na hiyo yote ni siku ya kawaida kabisa. Bima ikimlipa huyo wa gazeti, hela inatoka kwa wenzake waliohangaika kufunga mara mbili, kupitia ada ya mwaka unaofuata. Hapo sina ubishi.

Ila rudi uangalie neno lililojirudia humo. Kawaida. Uvunjikaji wa kawaida, matukio ya kawaida ya safari. Maana yake swali halali lina sehemu mbili: boksi lilifungwaje, na safarini lilipata nini. Kwenye barua za kukataa sehemu ya pili haipo kabisa. Wanaangalia vipande, wanasema kimevunjika, kwa hiyo hakikufungwa vizuri, na ushahidi kwamba hakikufungwa vizuri ni nini? Kwamba kimevunjika. Kwa hoja hiyo hakuna kitu cha kioo ambacho kingewahi kulipwa tangu dunia iumbwe, kwa sababu kila kinachovunjika kinajishtaki chenyewe. Na bado ada ya kukibima wanapokea.

Nilituma seti ya chai ya kaure, birika moja na vikombe sita. Kila kikombe nilikivisha plastiki ya mapovu peke yake, nikapanga kwenye boksi dogo, hilo dogo nikaliweka ndani ya kubwa lenye kuta mbili na sponji nene pande zote sita, nikatikisa nikatega sikio, hakuna kilichocheza. Lilipofika dada yangu alinipigia kwa video kabla hajafungua, maana kona moja ya boksi la nje ilikuwa imeingia ndani, na juu yake kuna mkunjo ulionyooka kama umepigiwa rula, alama ya ukingo wa kitu kizito chenye pembe. Akafungua. Vikombe vinne vya upande wa pili vizima, havina hata ufa. Birika na vikombe viwili vilivyokuwa usawa wa ile kona vimesagika, mdomo wa birika umekatika, kipini vipande vitatu. Barua ikaja, ufungaji usiotosheleza. Hakuna mtu aliyekuja kuliangalia boksi, hakuna aliyeomba hata kipimo cha sponji.

Sasa jamani, ufungaji ulikuwa mmoja. Plastiki ile ile, sponji ile ile, mkono ule ule. Ungekuwa mbovu ungekuwa mbovu kote, kwa hiyo kilichotofautisha vikombe vinne na viwili ni kitu kilichotoka nje ya boksi na kikaingia kwenye kona moja. Hapo ndo unaona mahali pa kuvunjika pana habari nyingi kuliko kuvunjika kwenyewe. Boksi la nje likiwa zima, limenyooka, ila ndani kumesagika, bima wana nguvu, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa vitu viligongana vyenyewe. Boksi likiwa limebonyea au limetobolewa na uharibifu uko usawa wa hapo hapo, mzigo wa kujieleza unatakiwa uhame. Mkaguzi wa madai anaweza kuyaona hayo kwa dakika tano, akiliona boksi.

Na vipimo vya kupimia ufungaji vipo, si jambo la kila mtu na maoni yake. International Safe Transit Association, chama kinachoweka vipimo vya ufungaji wa mizigo, wana jaribio linaitwa 1A, boksi la chini ya kilo 10 linaangushwa kutoka sentimita 76, mara kumi: kona moja, kingo tatu zinazokutana kwenye hiyo kona, na nyuso zote sita. Ni kama urefu wa meza. Kwa hiyo mtu akikwambia hukupaki vya kutosha una haki ya kumuuliza, vya kutosha kuhimili nini? Anguko la urefu gani, uzito gani juu yake? Asiyeweza kujibu hajapima kitu, amekisia tu. Wengine watasema mtu wa kawaida hawezi kwenda kuangusha boksi lake mara kumi na birika la thamani liko ndani, na ni kweli, ila kipimo kipo kwa ajili ya kuwabana wanaokukataa kwa neno tupu.

Kuna kitu kingine ambacho sijawahi kukizoea, nacho ni kilo. Watu wanauliza kwa nini uhangaike na bima, si umdai msafirishaji moja kwa moja? Haya, chukua ndege ya kimataifa. Mkataba wa Montreal wa 1999 unasema msafirishaji wa anga anawajibika kwa mzigo ulioharibika ukiwa mikononi mwake, na akitaka kuponea kwenye ufungaji mbovu yeye ndo athibitishe, jambo ambalo ni zuri sana. Lakini kikomo cha malipo kinahesabiwa kwa uzito: SDR 26 kwa kilo tangu mwisho wa Desemba 2024, kabla ya hapo ilikuwa 22, na mwanzoni kabisa 17. SDR ni kile kipimo cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kinachotokana na sarafu tano kubwa, moja huwa inazidi dola ya Marekani kwa kiasi. Sasa piga hesabu. Gunia la misumari la kilo 50 kikomo chake ni SDR 1,300, na misumari ikianguka inabaki misumari. Boksi langu la chai lilikuwa kilo 3, kikomo SDR 78. Fidla yenyewe haifiki hata kilo moja, ukihesabu na mkoba wake na boksi labda kilo 4, SDR 104, iwe fidla ya mwanafunzi au ya mtu aliyeipigia maisha yake yote. Yaani vitu vinavyovunjika kirahisi ndo hivyo hivyo vyembamba na vyepesi, na sheria inawalipa kwa kilo. Unachojaza pembeni kinakuongezea kikomo kuliko ukale na ufundi wa kitu chenyewe, sababu unaopimwa ni uzito wa kifurushi kizima. Na kikomo hicho cha mizigo, tofauti na cha mabegi ya abiria, hakivunjiki hata ukithibitisha kwamba mtu alilitupa boksi kwa makusudi. Kwa njia ya barabara, mkataba wa kimataifa wa mizigo ya barabarani uitwao CMR unatumia SDR 8.33 kwa kilo. Ni chini zaidi.

Mlango mmoja upo, mtumaji anaweza kutangaza thamani na kulipia nyongeza kabla mzigo haujaondoka, na wengi wanafanya hivyo wakidhani wamenunua bima. Hawajanunua. Wamepandisha dari ya msafirishaji tu, na anayeamua kama ufungaji ulitosha ni huyo huyo msafirishaji. Ndo maana bima ya kweli inanunuliwa, kuziba hilo pengo kati ya kilo na thamani. Kwa hiyo bima ikikataa kwa sentensi ile moja, mtu wa vitu vya kuvunjika hana pa kurudi, aliyetuma misumari anapo. Hili nalirudia kila nikiongea na watu na bado naona halisikiki.

Upande wa bima wana jibu hapa, na nilipe haki yake. Wanasema madai ni mengi, kila moja ni dogo, kumtuma mkaguzi kwa kila birika kungekula hela kuliko birika, basi bora kuwa na kanuni ngumu inayojulikana. Wanasema pia kuna watu wanaotuma kitu chenye ufa wa zamani, kimeunganishwa kwa gundi, wanangoja kipasuke. Wapo, ni kweli. Ila picha za kabla na baada zinatosha kumjua huyo wa gundi, na kanuni ngumu inayojulikana ingekuwa sawa kama ingeandikwa pale mtu anaponunua: kioo kikivunjika hatulipi. Wasioiandika hivyo wanaacha mtu aamini amekingwa, na maneno yenye utata kwenye mkataba wa bima mahakama nyingi zinayasoma dhidi ya aliyeyaandika.

Kwa aliyeshika barua ya kukataliwa sasa hivi, boksi usilitupe. Hata sponji, hata selotepu iliyokatwa. Watu wanalitupa siku ile ile kwa hasira au kwa sababu linajaza nafasi, kisha wiki ya tatu wanaambiwa walilete likaguliwe, na dai linafia hapo. Tafuta mhuri wa duara wa mtengenezaji chini ya boksi, kama upo huwa unaandika nguvu ya karatasi yake, upige picha. Piga na kona, piga vipande vikiwa bado mahali pake kabla ya kuvitoa. Angalia na siku, maana ni chache: kwa ndege chini ya Montreal malalamiko ya maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea, kwa barabara chini ya CMR siku 7 kama uharibifu hauonekani kwa nje, kwa meli chini ya kanuni za Hague siku 3, nako kama hauonekani kwa nje. Ukikaa kimya, kwa barabara na meli inachukuliwa mzigo ulifika salama mpaka uthibitishe vingine, na kwa ndege ni vibaya zaidi, huwezi tena kumshtaki msafirishaji isipokuwa kama alifanya ulaghai. Na bima yenyewe ina tarehe zake, zisome. Halafu andika barua ya pili. Usiombe huruma humo. Uliza kifungu gani kimetumika, omba ripoti ya ukaguzi, uliza nani aliliona boksi na lini, uliza ni tukio gani la kawaida la safari ambalo ufungaji wako ulishindwa kulihimili. Wakijibu sentensi ile ile, mpelekee msuluhishi wa migogoro ya bima au mamlaka inayosimamia bima mahali ulipo, ukiambatanisha maswali yako na ukimya wao.

Mimi niliuliza hayo hayo manne, na nikaweka picha ya vikombe vinne vizima kando ya vile viwili. Walilipa birika na vikombe viwili. Kwa vile vinne wakasema havijaharibika, na mkataba una kifungu kwamba kwenye seti kinacholipwa ni kipande kilichoharibika tu, si seti nzima. Nikakisoma, kweli kimeandikwa hivyo, ila hakisemi thamani ya kipande inakadiriwaje kikiwa kimetoka kwenye seti isiyouzwa kipande kimoja kimoja, na wao walichofanya ni kugawa bei ya seti kwa saba, birika likahesabiwa sawa na kikombe. Hilo nimewaandikia barua ya tatu. Boksi bado liko kwa dada, nyuma ya mlango.