Nyasi Zilikwenda, Mpira Ukabaki

Najua ile video yangu ya gofu mmeshaiona. Yule rafiki yangu (anajijua, na elfu ishirini yangu hajarudisha) kairusha kwenye magrupu matatu tangu Jumamosi, na chini yake kaandika "sindimba ya kizungu", eti ile ngoma yetu ya kukata kiuno. Sasa tulieni niwasimulie mwenyewe, maana kakata mwanzo, na mwanzo ndio unaonitetea.

Aliyeanza ni kedi. Mzee wa watu, kabeba mabegi ya gofu tangu mimi sijazaliwa. Kaniona navyochapa fimbo hewani kama nachanja kuni, akasema: "Bosi, mikono iache. Fimbo ikishuka, kiuno ndicho kinatangulia, mikono inafuata. Uzito uhame mguu wa kulia uende wa kushoto, ndipo uguse mpira."

Nikamuuliza, kiuno kama cha ngomani? Akajibu, hicho hicho.

Jamani! Unamwambia Mmakonde wa Newala kwamba kazi ni ya kiuno, halafu unategemea nini?

Nikachukua fimbo namba saba. Nyuma yangu ofisi nzima. Mkurugenzi, shati jeupe pee, kasogea mbele kuliko alivyoshauriwa, eti apate picha nzuri.

Nikapandisha fimbo. Simamisheni video hapo, sekunde ya nne: bega limegeuka, kichwa kimetulia, mchezaji kabisa. Kisha kiuno kikaondoka. Kikaondoka peke yake, kama daladala iliyomwacha konda. Tumbo limeshafika mpira unakotakiwa kwenda, mabega bado yanatazama miembe, mikono haina taarifa. Na ule uzito wa kuhama? Uligoma, ukabaki mguu wa kulia. Sasa uzito ukibaki nyuma, na fimbo inafika chini ikiwa bado nyuma. Wenzangu wakichimba, wanachimba mbele ya mpira. Mimi nilichimba shubiri nzima kabla ya kuufikia.

Puu! Bonge la nyasi, upana wa chapati, likang'oka na mizizi yake. Likapaa. Nililiona linavyozunguka, udongo unadondoka kidogo kidogo, na nilipata muda wa kutosha kabisa wa kukumbuka nani kasimama wapi. Likatua kifuani kwa mkurugenzi. Mimi nikaendelea kuzunguka, miguu ikajipiga mtama yenyewe, nikakaa chini.

Mpira? Uko juu ya kijiti chake, unanitazama. Kitu kisichozidi gramu 46! Eti fimbo na mpira hukutana kwa muda usiofika hata elfu moja ya sekunde. Sisi hatukukutana kabisa.

Kimya. Halafu kedi, bila kucheka (na hilo ndilo liliniuma): "Moja, bosi." Kumbe ukikusudia kupiga ukakosa, pigo linahesabiwa vilevile. Akaenda kuliokota bonge lake miguuni kwa mkurugenzi, akalirudisha kwenye kishimo, akalikanyaga taratibu, kama anazika mtu aliyemfahamu.

Shimo lile nilimaliza kwa kumi na moja, mkurugenzi akafutwafutwa, tukala nyama choma, yakaisha.

Nilidhani yameisha. Leo asubuhi nimo kwenye lifti, wawili tu, mkurugenzi kaingia. Kasalimia vizuri. Kanitazama kiunoni. Akazunguka, akaenda kusimama nyuma yangu.