Mkono wa Roboti Haugundishwi

Jumamosi jioni kijana mmoja wa Uyole aliniletea Knight yake, roboti ya plastiki ya mchezo wa mezani wa Warhammer 40,000 ambayo unaiunganisha na kuipaka rangi mwenyewe. Ilikuwa kwenye mfuko wa rambo, kaizungushia kipande cha kanga ya mama yake isivunjike kwenye daladala. Akaisimamisha mezani, akasema, "Kaka, naomba unisaidie kuibadilishia silaha." Nikashika mkono wa kulia, nikajaribu kuuzungusha. Hauendi. Wa kushoto hivyo hivyo. Nikamuuliza nani alimwelekeza agundishe kila kitu. "Niliambiwa kushika mikono kwa sumaku ili itoke na kurudi ni mambo ya wenye hela, sisi wengine tugundishe tu."

Maneno hayo yameniuma mpaka leo.

Mwenye hela ndiye anayeweza kugundisha. Akikosea, au akiichoka ile silaha, anaagiza sanduku jingine. Huyu kijana alisubiri miezi mpaka sanduku lake lifike Mbeya, limepitia kwenye mabegi ya watu watatu. Na sanduku lenyewe, hili lililotoka 2015, lina silaha za kutosha kuunda Knight yoyote kati ya tano: Paladin, Errant, Warden, Gallant au Crusader. Kiwiliwili kimoja, roboti tano! Ukigundisha mikono umebaki na moja, na silaha nyingine zinakaa kwenye fremu ya plastiki zilimokuja, zikikusanya vumbi. Sisi ambao sanduku la pili halipo ndio tunaohitaji sumaku kuliko mtu yeyote wa Nottingham, Uingereza, zinakotengenezwa roboti hizi.

Pita gereji yoyote ya Mwanjelwa uangalie fundi anavyozitunza nati. Anazipanga kwenye kopo, anazipaka grisi, kwa sababu anajua gari litarudi. Tumekulia katikati ya watu wanaofunga vitu ili vije kufunguliwa, halafu tukipata roboti tuijaze supagluu?

Kazi yenyewe haina uchawi. Mimi begani natumia sumaku za milimita 5 kwa 2 (upana kwa unene), na kwenye roketi za juu ya gamba, yaani kifuniko cha juu cha mwili, za 3 kwa 2. Anza na biti ndogo kupata katikati, kisha panua polepole kwa kidrili cha mkono, maana cha umeme kinayeyusha plastiki. Shimo lizame kiasi cha sumaku kulala sawa na uso wa bega. Kabla ya gundi, panga sumaku zako zote kama sarafu na uitie kila moja alama nyekundu upande uleule. Kwangu mimi alama ya begani hutazama nje na ya kwenye silaha hutazama ndani ya silaha yenyewe, roboti zote, bila kubadilisha. Kwa hiyo silaha ya Knight yoyote inakaa kwenye Knight yoyote. Ukigeuza moja tu, mkono utasukumwa badala ya kushikwa, na kuichomoa sumaku iliyokwisha kukauka ni kilio.

Halafu acha usiku mzima. Roboti yangu ya kwanza niliziacha silaha karibu na mwili gundi ikiwa mbichi. Asubuhi nikakuta sumaku mbili zimerukiana na kushikamana katikati ya meza, kila moja na utepe wa gundi umening'inia. Na kama nyumbani kuna watoto, hesabu sumaku zako kila unapomaliza. Mtoto akimeza mbili zinavutana ndani na kubana utumbo. Hilo ni jambo la kukimbilia hospitali.

Kila ninaposhika sumaku hizi naukumbuka mlima Ngualla, kwa jirani zetu wa Songwe tuliokuwa nao mkoa mmoja hadi 2016. Nguvu ya vidude hivi inatokana na neodimiamu, na neodimiamu imo ndani ya mlima ule. Leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa 2023. Mtu asiniambie sumaku ni kitu cha ugenini.

Nakubali, miguu na kiuno gundisha. Uzito wote uko pale. Nakubali pia kwamba mkono mzito hulegea ukitumia sumaku ndogo. Tumia kubwa zaidi.

Kuna na suala la rangi. Ile Knight ya kijana, kwapani na ubavuni nyuma ya bunduki, plastiki ya kijivu ilikuwa inaonekana vilevile ilivyotoka kiwandani. Alijitahidi, niliona alama za brashi zilipoishia, lakini mkono ulishamzibia njia. Mikono ikitoka, unaipaka pembeni, unaipaka kifua chote, unaona kila ribiti. Rangi ya kupuliza subiri siku yenye jua. Ukungu wetu wa Juni unaifanya ikwaruze kama msasa. Ile ya brashi, kampuni haina maana, ilimradi iwe rangi ya maji, uizimue kwa maji upake mara mbili.

Tulijaribu kuiokoa. Mama jirani anauza barafu, akatukubalia tuiweke roboti kwenye friji lake usiku kucha, kwa sababu supagluu ikipata baridi kali inakuwa dhaifu. Jumapili nikaupinda mkono wa kulia taratibu, ukatoka mzima kwa mlio mmoja mkavu. Wa kushoto alitumia gundi ya plastiki, ile inayoyeyusha na kuunganisha. Huo nilikata kwa wembe wa msumeno, na ukingo wa bega ukaondoka na ribiti mbili. Kijana aliangalia bila kusema neno, kisha akaokota zile ribiti, akazifunga kwenye karatasi na kuzitia mfukoni.

Jumamosi hii anarudi na silaha zilizobaki kwenye fremu. Nimeshamtengea sumaku sita, alama nyekundu juu.